Njia Isiyorudi Nyuma: Tarikhi ya Mchezo wa Contra hadi Hai Mauna

Katika michezo yote iliyopata kuchezwa juu ya kioo cha televisheni, hapana jamii iliyowatia watoto wa Afrika Mashariki jasho na hasira, na baadaye furaha isiyosahaulika, kuliko ile michezo ya mbio, ambamo mtu mdogo asiyezidi kimo cha kidole husimama upande wa kushoto wa kioo akitakiwa aende upande wa kulia, na kila apigapo hatua nchi hujikunjua mbele yake na kutoweka nyuma yake, hata akawa hana njia ya kurudi alikotoka. Katika jamii hiyo mchezo mashuhuri kwa ugumu wake ni Contra, uliotungwa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 1987. Na makala haya nayaandika katika mtaa wa Hai Mauna, mjini Juba, ambako nimeurudia mchezo huo baada ya miaka mingi nikiwa pamoja na vijana wa jirani, kwa sababu naamini kwamba tarikhi yake haitimii ikisimuliwa kwa habari za Japani na Marekani peke yake.

Ugumu wa michezo hii haukuzaliwa na fikira ya kumfunza mtu subira, bali ulizaliwa na sarafu. Kabla mashine za kuchezea hazijaingia majumbani, zilisimama katika kumbi na mikahawa, kila moja ndani ya sanduku lake refu lenye tundu la kutilia fedha, na mwenye ukumbi, aliyeinunua kwa bei kubwa, alitaka mchezaji asimame mbele yake kwa dakika chache tu, ashindwe, kisha ama atie sarafu nyingine ama ampishe mwenziwe. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ilipotoa Space Invaders, biashara hiyo ilienea duniani kote. Mwaka 1981 Konami ikatoa Scramble, ambamo chombo cha angani husukumwa mbele na mandhari yenyewe bila ya kusita, wala mchezaji hana hiari ya kungoja. Hapo ndipo ilipopatikana siri ambayo watungaji waliofuata waliirithi: mchezo ukiwa mwepesi mno, sanduku halijai, ukiwa mgumu pasipo insafu, wateja huondoka wasirudi. Ilibidi basi kila kifo kimwonyeshe aliyekufa kosa lake, naye aone kwamba lau angaliruka mapema kidogo angalisalimika, na kwa kuona hivyo atie tena mkono mfukoni. Mimi siihesabu asili hiyo kuwa ni aibu. Sanaa nyingi tuzipendazo zililelewa na biashara, na mtungaji aliyelazimika kuupima ugumu kwa mizani ya sarafu alijifunza adabu ya kutomwonea mchezaji, adabu ambayo watungaji wa leo, wasio na mizani hiyo, aghalabu wanaikosa.

Contra ilianza katika masanduku hayo mwezi wa Februari 1987, na mwaka uliofuata ikahamishiwa katika mashine ya nyumbani ya Nintendo, ile iitwayo Famicom huko Japani, iliyoanza kuuzwa tarehe 15 Julai 1983. Anayetaka kufahamu kwa nini mchezo huu ni mgumu namna hii hana budi kwanza kufahamu udogo wa mashine iliyoubeba. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu, na nyingine 2 za kuweka picha, kiasi cha kutosha mandhari ya vioo viwili na si zaidi. Kwa hiyo ulimwengu wa mchezo haukupata kuwamo ndani yake wote kwa wakati mmoja. Mpiganaji anapokimbilia kulia, mashine huchora ukanda mmoja mwembamba wa miti, mawe na maji nje kidogo ya macho ya mtazamaji, na papo hapo huandika juu ya ule uliokwisha kupita, kama watu wanaomtandikia bwana harusi mkeka mbele na kuukunja nyuma. Hali kadhalika mashine haikuweza kuonyesha vipande vya picha vinavyotembea zaidi ya 64, wala zaidi ya 8 katika mstari mmoja wa kioo; ndiyo maana risasi zinapozidi huanza kupepesa, mara zikionekana mara zikipotea, na mchezaji mkongwe hujifunza kuihofu hata nafasi aionayo tupu.

Kaseti nazo zilikuwa finyu. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, yenye hatua 32, ilitiwa yote ndani ya kilobaiti 40, ambazo leo hazitoshi picha moja ya simu. Mchezo mzima wa Contra, kwa mtu aujuaye, haumalizi nusu saa. Ugumu ndio ulioigeuza nusu saa hiyo ikawa miezi, na mnunuzi akaona fedha yake haikupotea. Na huko Marekani, ambako kaseti ziliruhusiwa kukodishwa kwa siku mbili tatu, wenye kampuni walikuwa na sababu ya pili ya kutotaka mtu aumalize mchezo kabla ya kuurudisha dukani. Hata katika mchezo wa baadaye wa jamii hiyo hiyo, Contra: Hard Corps wa mwaka 1994, Wajapani walipewa mpiganaji awezaye kustahimili mapigo matatu, ilhali Wamarekani walipewa afaye kwa pigo moja.

Sasa na tuutazame mchezo wenyewe. Wapiganaji wake ni wawili, Bill Rizer na Lance Bean, mmoja kwa kila mchezaji, na kila mmoja hupewa roho tatu. Hawana ngao, wala siha ya kupungua kidogo kidogo: risasi moja, au kuguswa tu na mwili wa adui, kunatosha. Hatua ya kwanza ni msitu, wenye daraja linalolipuka chini ya miguu ya mpitaji, na mwishoni ukuta wa ngome wenye mizinga miwili. Ya pili na ya nne ni ngome zenyewe, ambamo kioo hugeuka na mpiganaji huonekana kwa mgongo akisonga ndani chumba kwa chumba. Ya tatu ni maporomoko ya maji, ambako njia huacha kwenda kulia ikapanda juu. Ya tano ni uwanda wa theluji. Ya sita ni kiwanda chenye ndimi za moto. Ya saba ni ghala lenye vyuma vya miiba vishukavyo kutoka darini. Na ya nane ni pango la viumbe wa sayari nyingine, ambamo mwisho wa yote ni moyo mkubwa unaodunda. Silaha huletwa na vidonge virukavyo angani, kila moja na herufi yake, na iliyo bora ni ile ya S, itawanyayo risasi tano kwa mara moja. Afaye huipoteza, na hapo ndipo penye ukatili hasa wa mchezo, kwani mtu hufufuka palepale palipomshinda, akiwa na bunduki dhaifu kuliko aliyokuwa nayo aliposhindwa.

Walakini bahati nasibu ndani yake ni ndogo mno. Mizinga imesimama palepale siku zote, vyuma vya miiba hushuka kwa mwendo ule ule, ndimi za moto hutoka na kurudi kwa kipimo kisichobadilika, hata ikawa mchezo huu, pamoja na sifa yake ya kutaka wepesi wa vidole, hutaka zaidi hifdhi: mchezaji hodari ni yule aliyeihifadhi njia kwa moyo, kama mwanachuoni alivyohifadhi msahafu wake, na vidole hufuata tu. Nimewaona watu wakisema kwamba michezo ya aina hii ni ya wenye macho makali, sikubaliani nao. Nilipourudia mchezo huu Hai Mauna, macho yangu yakiwa yamepungua nuru, mikono yangu ilijua daraja litalipuka wapi kabla sijaliona.

Konami wenyewe walijua kwamba wametunga jambo zito. Mwaka 1986, Kazuhisa Hashimoto, mmoja wa watunga programu wa kampuni hiyo, alipokuwa akiuhamishia mchezo wa Gradius katika mashine ya nyumbani, alishindwa kuumaliza wakati wa kuujaribu, akatia ndani yake fumbo la vitufe: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto na kulia, tena kushoto na kulia, kisha B na A. Fumbo hilo halikuondolewa kaseti zilipotengenezwa, likawa mila ya kampuni, na katika Contra likampa alijuaye roho 30 badala ya tatu. Hashimoto alifariki Februari 2020, naye akaliliwa na watu wa nchi ambazo hakupata kuziona, wengi wao wakiwa ni watu waliolijua fumbo lake bila ya kulijua jina lake.

Jambo jingine katika tarikhi ya mchezo huu halina budi kutajwa, hasa na mtu aandikaye akiwa Juba. Jina la Contra lilikuja katika miaka ya 1986 na 1987, wakati magazeti ya dunia yalipojaa habari za wapiganaji wa jina hilo huko Nikaragua na fedha walizopewa kwa siri kutoka Marekani. Na wimbo wa mwisho wa mchezo, katika yale masanduku ya sarafu, ulipewa jina la Sandinista, ndio wale maadui zao. Vita vya kweli, vyenye mayatima na wajane wa kweli, viliazimwa jina lake kwa ajili ya burudani ya vijana waliokuwa mbali navyo. Ulaya walisita, mwaka 1990 mchezo wa mashine ya nyumbani ulipouzwa huko uliitwa Probotector, na wapiganaji wake pamoja na baadhi ya maadui wakageuzwa kuwa mitambo ya chuma, kwa kuchelea sheria za Ujerumani juu ya michezo ya kuwafyatulia watu risasi. Afrika Mashariki hapana aliyesita kwa niaba yetu, kwa kuwa hapana aliyetuuzia mchezo ule kwa njia ya halali.

Maana mashine halisi za Nintendo zilikuwa adimu kwetu, na kilichotufikia ni nakala zake. Katika miaka ya mwisho ya 1980 na katika miaka ya 1990, viwanda vya Taiwan na Uchina vilitengeneza mashine za kuiga Famicom kwa wingi usiohesabika: Micro Genius ya Taiwan, Subor ya Uchina, na huko Urusi, kuanzia mwisho wa 1992, Dendy, iliyowalea watoto wa nchi nzima. Bidhaa za aina hiyo ziliingia bandarini kwetu pamoja na redio, feni na mikanda ya video, zikiletwa na wafanyabiashara waliokwenda Dubai. Tanzania mlango ulikuwa umefunguliwa na Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika urais Novemba 1985 na kupewa na wananchi jina la Mzee Ruksa kwa kulegeza masharti ya biashara. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam seti ya televisheni na TV gemu viliingia karibu pamoja, na wapo watoto waliomjua Bill Rizer kabla ya kumjua msomaji wa habari.

Nakala hizi zilikuja na tabia zake, na tabia hizo ziliubadili mchezo. Televisheni za Japani na Marekani huchora picha 60 kwa kila nukta ya dakika. Zetu, kama za Ulaya, huchora 50, na mashine za kuiga zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko kama yetu zilikwenda kwa mwendo huo, hata mchezo ukapungua kasi yake kwa sudusi moja. Watoto wa Kariakoo na wa Eastleigh walikimbia msitu ule polepole kuliko watoto wa Osaka, muziki ukiburura kidogo, nao wakadhani ndivyo ulivyotungwa. Kaseti ziliandikwa michezo 64 ndani yake, au 9999, ilhali michezo ya kweli haikuzidi kumi au ishirini, mingine ikirudiwa kwa majina mapya, ukianzia hatua ya tatu au ya tano, au ukiwa tayari umetiwa roho 30 pasipo fumbo lolote. Katika kaseti ya Kijapani minazi ya msituni hupepea kwa upepo na theluji huvuma katika hatua ya tano. Katika ile ya Kimarekani vyote vimetulia. Na kwetu mtu alipata ile aliyoangukiwa nayo.

Lakini upungufu mkubwa kuliko wote, nao ndio uliozaa jambo ninalolithamini zaidi, ni kwamba kaseti hizi zilikuja tupu, hazina kitabu cha maelezo. Mtoto wa Marekani alikuwa na kijitabu chake, na kuanzia 1988 akawa na jarida la kila toleo likimweleza siri za kupita. Mtoto wa Mombasa, wa Kampala au wa Bujumbura hakuwa na chochote isipokuwa mwenziwe. Elimu ya Contra kwetu ilipokewa kwa mdomo: kwamba katika ukuta wa hatua ya kwanza mtu akilala chini risasi nyingi humpita juu, kwamba katika ghala la hatua ya saba usikimbilie chini ya chuma kinachopanda, bali hesabu, kwamba mchezaji aliyekwisha roho zake anaweza, kwa kubonyeza A, kumwazima mwenziwe roho moja. Kuazima huku ndiko kulikoleta magomvi makubwa barazani, kwa kuwa mashine haikumwomba idhini mwenye roho; nako ndiko kulikofunza insafu, kwani mwenye kuazima ovyo hakupewa tena pedi ya pili. Elimu iliyotungwa ofisini Japani ikawa na wapokezi wake, na masheikh wake, na uzushi wake pia, na katika kupokezana huko ugumu uliokuwa mtego wa sarafu uligeuka ukawa chuo.

Ama Juba, tarikhi yake ilikwenda njia nyingine. Wakati watoto wa pwani walipokuwa wakigombea pedi, mji huu ulikuwa ngome ya jeshi la serikali ya Khartoum katika vita vilivyoanza 1983 na kukoma kwa mkataba uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Mamia ya maelfu ya watu wa kusini walikuwa nje ya nchi yao. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka Ethiopia, maelfu ya vijana waliokuwa katika kambi za huko walitoka tena kwa miguu, na mwaka 1992 Kenya ikafungua kambi ya Kakuma ili kuwapokea. Wengine walivuka mpaka wa kusini wakaingia wilaya za kaskazini za Uganda. Huko uhamishoni ndiko wengi walikojifunza Kiswahili. Waliporejea baada ya 2005, na baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, walikuta Juba inafura kwa kasi, mitaa ikiongezeka na mingi yake ikianza kwa neno Hai: Hai Malakal, Hai Cinema, Hai Referendum, na huu wetu wa Hai Mauna. Wafanyabiashara wa Kenya na Uganda waliwafuata, hasa baada ya kilomita 192 za barabara ya Nimule kutiwa lami mwaka 2012, na mwaka 2016 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiarabu cha Juba kingali ndiyo lugha ya sokoni, lakini mtu mwenye Kiswahili hapotei.

Katika mji wa namna hiyo mashine ya kuchezea yenye kutaka televisheni na umeme wa ukutani ilikuwa anasa. Kwa miaka mingi Juba haikuwa na umeme wa mji unaotegemeka, na aliyetaka taa alinunua jenereta na mafuta. Mtambo wa megawati 33 ulizinduliwa Novemba 2019 tu. Vibanda vya mpira na vya gemu vilikuwapo, vikinguruma kwa jenereta zao, lakini mwenye kibanda anayelipia petroli huweka mchezo wa kandanda utakaochezwa na wawili na kutazamwa na kumi, haweki mchezo ambao mtu mmoja atakufa ndani yake mchana kutwa. Kilichouleta Contra Hai Mauna ni kile kimashine cha mkononi cha Kichina, chenye michezo 400 ndani yake, kinachouzwa leo katika kila soko kuanzia Mombasa hadi Konyo Konyo ya hapa Juba, nacho ni mjukuu halali wa zile nakala za miaka ya 1990. Betri yake ni ile ile ndogo ya simu za Nokia za zamani, ambayo kila fundi wa simu wa barabarani anayo, na huchajiwa kwa paneli ya jua iliyolazwa juu ya bati. Mchezo uliozaliwa ndani ya sanduku la mbao kubwa kuliko mtu umefika hapa ukiwa mfukoni.

Vijana niliocheza nao ni ndugu wawili, mkubwa wao amekulia Kakuma. Tulikaa nje ya uzio wa mabati, kimashine kikiwa kimeunganishwa na televisheni ndogo, na mimi, niliyejidhania kuwa ndiye mwalimu wa siku ile, nilikuta kwamba msitu wameshauhifadhi. Tulipofika maporomoko ya maji ndipo mambo yalipokuwa mazito. Katika hatua hiyo kioo humfuata aliye juu, na kila kilichobaki chini ya ukingo wake hupotea. Akiwa mmoja wa wachezaji ana pupa ya kupanda, mwenziwe hufa bila ya kuguswa na adui, ameachwa tu na ulimwengu uliokwisha kufutwa. Mdogo aliniambia, pasipo kuondoa macho kiooni, "Mwalimu, usiruke kwanza; huyu bado yuko chini." Nimesoma sifa nyingi za mchezo huu, nyingi zikihusu bunduki na muziki wake, kwa maoni yangu hatua ya tatu ndiyo yenye hekima yake yote, kwa kuwa inawataka watu wawili wapande mwamba mmoja kwa mwendo wa aliye mzito.

Sitaficha kwamba nilisita kabla ya kuuweka mchezo wa bunduki mbele ya watoto wa mji uliosikia bunduki Desemba 2013 na tena Julai 2016. Mama yao hakuwakataza, lakini aliposimama nyuma yetu kutazama aliuliza, kwa upole, "Mwalimu, hakuna ule ambao mtu anakimbia tu, asiue?" Nilimjibu kwamba upo, na kwamba aliyeutunga ni mtu wa kwao.

Lual Mayen alizaliwa njiani, wazazi wake wakiikimbia vita kuelekea kusini, akalelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, akakaa huko miaka 22. Kompyuta aliiona kwa mara ya kwanza mwaka 2007, wakati wakimbizi walipokuwa wakiandikishwa, akamwambia mama yake kwamba anataka kuwa na kitu kile. Mama yule, asiyekuwa na kipato cha kutajika, alidunduliza kwa miaka mitatu bila ya kumwambia mwanawe, hata akapata dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme. Lual alitembea kwa muda wa saa tatu kwenda kwenye duka la intaneti kuichaji kompyuta na kujifunza, akijifundisha mwenyewe kutunga programu. Mchezo wa kwanza alioukuta humo ulikuwa Grand Theft Auto: Vice City, wa wizi na bunduki, naye, akiwazia vijana wa nchi yake, akaona kwamba chombo chenye nguvu namna ile chaweza kutumiwa kwa amani. Mchezo alioutunga aliuita Salaam, akawagawia wenziwe kambini kwa kuurusha kutoka simu moja hadi nyingine. Kutoka hapo aliasisi Junub Games, akaenda Marekani akakaa Washington, na Desemba 2018, mjini Los Angeles, akaheshimiwa katika hafla ya Game Awards mbele ya watungaji wakubwa wa ulimwengu.

Katika Salaam, kwa namna alivyoukuza baadaye, mchezaji ni mkimbizi. Anakimbia, mabomu yanaanguka, na kinachompungukia ni maji, chakula na dawa. Hana kidonge kirukacho angani chenye herufi ya S. Na mtungaji alikusudia kwamba mchezaji anunuapo maji kwa ajili ya mkimbizi wa kiooni, fedha hiyo iwafikie wakimbizi wa kweli kambini. Mtazamaji mwepesi atasema kwamba hapana uhusiano kati ya jambo hili na Contra. Mimi nauona uhusiano wazi kabisa: ni mtu yule yule mdogo, ni tishio lile lile litokalo juu, ni ule ugumu wa kuvuka salama palipowashinda wengine, kilichobadilika ni nani anakimbia na kwa nini. Konami waliazima vita vya watu wengine ili watunge mbio. Lual Mayen alikuwa na mbio za mama yake. Hata lile suala la sarafu limerudi, lakini limegeuzwa uso, kwani fedha anayotoa mchezaji aliyekwama haikukusudiwa iende katika sanduku la mwenye ukumbi.

Kwa hiyo siafikiani na wale wanaotaka michezo ya zamani ilegezwe ili ichezeke na watu wa leo, wakaongezewa roho, au wakapewa kitufe cha kurudisha wakati nyuma pale walipokosea, kama zifanyavyo nakala mpya zinazouzwa kwa simu na kompyuta. Kitufe hicho huondoa lile sharti moja ambalo juu yake mchezo wote umejengwa, kwamba kilichopita kimepita, na huondoa pamoja nalo haja ya kumwuliza mwenzako yeye alipitaje. Hai Mauna sikuwa na haja ya kuitetea hoja hiyo. Katika orodha ya kile kimashine Contra imeandikwa mara mbili, mara moja yenye roho tatu na mara ya pili yenye 30, na ndugu wale wawili, pamoja na wenzao wanaokuja jioni, wameafikiana kwamba ile ya 30 ni ya kujifunzia njia tu. Aliyemaliza kwa roho 30, katika hesabu ya baraza ile, hajamaliza. Na hata ninapoandika haya, kwa roho tatu, hapana aliyekwisha kuvuka ndimi za moto za hatua ya sita.